W18×50: Jina la Boriti ya Chuma Linasema Nini, na Linanyamazia Nini

Ukienda yadi ya mbao ukaomba "mbili kwa nne", muuzaji hana swali la kukuuliza. Anajua unataka mbao ya inchi mbili kwa inchi nne, na wewe unajua kwamba ukiipima huenda usizikute inchi hizo kamili. Sasa beba mazoea hayo uingie nayo kwenye mtihani wa leseni ya uhandisi wa Marekani, ukutane na swali linaloanza hivi: boriti ya W18×50 imelazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana futi 30. Mazoea ya mbao yatakuambia kwamba hii ni boriti yenye kimo cha inchi 18 na upana wa inchi 50. Inchi 50 ni zaidi ya futi nne. Boriti ya namna hiyo haipo, na mtu anayeanza hesabu akiwa na picha hiyo kichwani amekwisha potea kabla hajagusa kikokotoo.

Ile 50 ni uzito. Kila futi moja ya boriti hiyo ina uzito wa paundi 50.

Jina zima lina sehemu tatu. Herufi W inataja umbo: bamba moja juu na jingine chini, ambayo tunayaita flenji, na ukuta wima unaoyaunganisha katikati, kama herufi I iliyonenepa. W ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya flenji pana. Kwenye michoro ya zamani ya Marekani utakuta boriti hiyohiyo imeandikwa 18WF50, na ndiyo hiyo hiyo. Namba ya kwanza inataja kimo kwa inchi, kwa kukadiria. Namba ya pili inataja uzito kwa paundi kwa kila futi. Wahandisi wakilitamka husema "dabliu kumi na nane kwa hamsini", na hiyo "kwa" ndiyo inayoponza watu, maana katika mbao hutenganisha vipimo viwili vya aina moja, na hapa inatenganisha kipimo na mzani. Upana wa flenji haumo kabisa katika jina. Flenji za W18×50 zina upana wa inchi 7.50, na hutalijua hilo mpaka ufungue jedwali.

Nasisitiza jedwali kwa sababu mitihani yenyewe imejengwa juu yake. Anayetafuta leseni Marekani kwa kawaida hupita milango miwili inayosimamiwa na baraza la NCEES: kwanza mtihani wa misingi, FE, wenye maswali 110 ndani ya saa 5 na dakika 20, halafu, baada ya kupata uzoefu wa kazi, mtihani wa PE, ambao kwa uhandisi wa ujenzi una maswali 80 ndani ya saa 8. Yote miwili hufanywa kwenye kompyuta. FE ilihamia huko mwaka 2014 na PE ya ujenzi mwaka 2022. Huingii na kitabu chako. Kitabu cha marejeo kinafunguka kwenye skrini pembeni ya swali, na kwa PE ya miundo mwongozo wa chuma wa taasisi ya AISC nao umo. Kwa hiyo hakuna anayekutaka ukariri kimo wala unene wa boriti yoyote. Unachotakiwa ni kulisoma jina, kwenda kwenye mstari wake, na kuchukua safu sahihi, na yote hayo katika dakika zisizofika tatu kwa kila swali la FE. Anayesita kwenye jina hula dakika za hesabu.

Namba ya kuaminika ni ya pili

Kati ya namba mbili za W, ya uzito ndiyo mshirika wa kweli. Chuma cha ujenzi huhesabiwa kuwa na uzito wa paundi 490 kwa futi ya ujazo. Chukua kipande chenye eneo la mkato la inchi moja ya mraba na urefu wa futi moja: uzito wake ni 490 gawanya kwa 144, yaani paundi 3.4. Maana yake ni kwamba ukiugawa uzito wa boriti kwa 3.4, unapata eneo lake la mkato bila kufungua chochote. W18×50: 50 gawanya kwa 3.4 ni inchi za mraba 14.7, na jedwali linasema 14.7. W12×26: 26 gawanya kwa 3.4 ni 7.65, na jedwali linasema 7.65.

Napenda sana hesabu hii ndogo. Kwanza, inakulinda. Ukiteleza jicho kwenye skrini ukasoma mstari wa juu au wa chini ya ule uliokusudia, eneo halitalingana na jina na utajua papo hapo. Pili, inakufanya uache kuliona jina kama msimbo wa siri. Ile 50 ni kiasi cha chuma ulichonunua. Bei ya chuma hupigwa kwa uzito, kreni hunyanyua uzito, nguzo hubeba uzito, kwa hiyo waliotunga majina haya waliweka mbele ya macho kile ambacho kila mtu kwenye mradi atakiuliza.

Kanada na nchi nyingine zinazotumia maumbo hayohayo kwa vipimo vya metriki huandika W460×74. Ni W18×50 ileile: kimo cha takriban milimita 460, uzito wa kilo 74 kwa mita. Mtihani wa FE unatumia mifumo yote miwili ya vipimo, kwa hiyo ni vizuri macho yako yazoee sura zote mbili.

Kwa nini W14 inaweza kuwa na inchi 22

Hapa ndipo watu wengi huona wamedanganywa. W14×90 ina kimo cha inchi 14.0. W14×145 ina inchi 14.8. Ukiendelea kutafuta kwenye jedwali hilohilo, kwenye kundi hilohilo la W14, unafika W14×730, na kimo chake ni inchi 22.4. Inchi nane na ushei juu ya kile kilichotajwa kwenye jina! Flenji yake moja peke yake ina unene wa inchi 4.91.

Sababu iko kiwandani. Boriti hizi hazimiminwi kwenye kalibu kama tofali. Chuma chekundu cha moto hupitishwa katikati ya rola, tena na tena, mpaka kiwe na umbo. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi Henry Grey alibuni mtambo ambao rola za kulala na rola za kusimama zinafanya kazi pamoja, za kulala zikibana ukuta na za kusimama zikibana flenji, na kuanzia mwaka 1908 kampuni ya Bethlehem Steel huko Pennsylvania ikawa inazalisha boriti za flenji pana kwa njia hiyo. Rola za kulala ndizo zinazoingia ndani ya boriti, kati ya flenji ya juu na ya chini. Upana wa rola hizo haubadiliki kila siku; kuzibadilisha ni kazi na ni gharama. Kinachobadilika kirahisi ni nafasi ya nje. Ukizilegeza rola za kusimama zisogee mbali, flenji inabaki nene. Ukizisogeza karibu, flenji inakuwa nyembamba. Kwa seti moja ya rola unapata ndugu wengi, wembamba na wanene, ambao wote wanashiriki nafasi moja ya ndani.

Hakikisha mwenyewe. Chukua kimo cha W14×90, inchi 14.0, toa flenji mbili za inchi 0.71 kila moja: inabaki 12.6. Chukua W14×730, inchi 22.4, toa flenji mbili za inchi 4.91: inabaki 12.6. Nafasi ya ndani ni ileile. Uzito umeongezeka mara nane, na chuma chote cha ziada kimekwenda kwenye kunenepesha ukuta na kuongeza flenji kwa nje. Namba 14 basi ni jina la ukoo. Inakuambia boriti hii imezaliwa kwenye rola zipi, na ndani ya ukoo kuna wafupi na warefu.

Wala sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Neno boriti lenyewe, katika biashara ya miti ya mikoko, lilikuwa jina la daraja la unene: nyembamba kabisa ni fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, halafu nguzo. Miti ilihesabiwa kwa korija, ikapakiwa majahazini kwenda Ghuba, na mnunuzi hakuhitaji kupima kila mti ili ajue amenunua nini. Jina lilimpa kundi. Aliyetaka kujua unene wa mti fulani aliushika mti wenyewe, kama wewe unavyopaswa kulishika jedwali.

Katika mtihani kosa hili lina bei yake. Unapotafuta mkazo wa kupinda, unazidisha momenti, yaani nguvu ya kuipinda boriti, kwa umbali kutoka katikati ya boriti hadi ukingoni, yaani nusu ya kimo, kisha unagawanya kwa momenti ya inesha, namba tutakayokutana nayo mbele. Kwa W18×50 ukitumia 9 hutaumia, kwa sababu kimo chake halisi ni inchi 18.0. Kwa W14×730 ukitumia 7 badala ya 11.2, jibu lako limekufa. Jambo jingine dogo la hapohapo: mwongozo wa AISC unatoa vipimo kwa namna mbili, desimali na sehemu. Unene wa ukuta wa W18×50 umeandikwa 0.355, na pembeni yake 3/8. Sehemu ni za wachoraji na mafundi wa kuunganisha. Hesabu hufanywa kwa desimali.

Herufi nyingine, kwa haraka

Usichukue kanuni ya W ukaivalisha kila umbo. S ni boriti za mtindo wa zamani, flenji zake zimeinama kwa ndani, na kimo chake kwa kawaida ni kile kilichotajwa: S12×31.8 ina inchi 12 kamili. C ni chaneli, na C12×20.7 nayo ina inchi 12 kamili na paundi 20.7 kwa futi. HP ni za kupigiliwa ardhini kama nguzo za msingi, na unene wa ukuta wake unalingana na wa flenji, maana zinatwangwa kwa nyundo na kila upande lazima uvumilie. M ni za mabaki, zisizoingia katika makundi hayo.

WT inapendwa na watunzi wa maswali. Ni W iliyokatwa katikati kwa urefu, ikatoa herufi T mbili. Namba zote mbili zinagawanywa kwa mbili: W18×50 ikikatwa inatoa WT9×25 mbili. Ukikutana na WT9×25 usihangaike kuitafutia asili. Zidisha kwa mbili.

Kwenye L, yaani engo, na kwenye HSS, yaani mabomba ya pembe nne, ile "kwa" inarudi kwenye maana ya mbao. L6×4×3/8 ni engo yenye mguu wa inchi 6, mguu wa inchi 4, na unene wa inchi 3/8. Uzito haumo. HSS6×4×1/4 ni bomba lenye inchi 6 kwa 4 kwa nje na ukuta wa robo inchi. Lakini robo hiyo ni ya jina tu, kwa sababu kwa bomba za daraja la A500 hesabu hutumia asilimia 93 ya unene uliotajwa, na jedwali linaandika 0.233. Kwa hiyo alama ileile ya × inabeba maana tofauti kutegemea herufi iliyoitangulia. Ndiyo maana macho yaanze kwenye herufi, kisha yaende kwenye namba.

Paundi 50 zilizopangwa vibaya na paundi 50 zilizopangwa vizuri

Haya ndiyo mahali ambapo jina linaanza kukufundisha uhandisi. Panga boriti sita zenye uzito unaokaribia kulingana: W10×49, W12×50, W14×48, W16×50, W18×50, W21×50. Chuma kilichomo karibu ni sawa katika zote, kwa hiyo gharama ya malighafi ni ileile. Sasa tazama momenti ya inesha kwa mhimili mkuu, namba inayoeleza jinsi boriti inavyokataa kunepa: 272, 391, 484, 659, 800, 984, zote kwa inchi nguvu nne. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ugumu umepanda zaidi ya mara tatu na nusu, na hujaongeza chochote ila umbali kati ya flenji. Anayesoma jina kwa akili anajua kwamba kwa boriti ya kupinda anataka namba ya kwanza kubwa na ya pili ndogo. Kwa nguzo mambo yanageuka: W10, W12 na W14 zenye flenji pana ndizo hutawala, kwa sababu nguzo inaweza kuinama upande wowote na upana una kazi.

Tuifanyie kazi ile boriti ya futi 30. Tuseme mzigo uliokwisha zidishwa kwa vigezo vya usalama ni kipu 3 kwa kila futi, kipu moja ikiwa paundi 1,000, na sakafu ya zege imeishika flenji ya juu kwa urefu wote. Momenti ya juu kabisa ni mzigo mara urefu wa mraba, gawanya kwa nane: 3 × 900 ÷ 8, sawa na kipu-futi 337.5. Chuma ni cha daraja A992, ambacho huanza kulegea kwenye mkazo wa kipu 50 kwa inchi ya mraba. Kwa kipunguzi cha 0.9, moduli ya plastiki inayohitajika, Zx, yaani kipimo cha jinsi mkato unavyopinga kupinda ukiwa wote umelegea, ni 337.5 × 12 ÷ 45, yaani inchi za ujazo 90.0.

Unafungua jedwali lililopangwa kwa Zx. W18×46 ina 90.7. Imetosha, tena kwa kubana vizuri, na mwanafunzi mwenye haraka anaichagua. Lakini ile 46 haikuwekwa kwenye jina kwa mapambo. Boriti inajibeba yenyewe. Paundi 46 kwa futi, zikizidishwa kwa 1.2 kama mzigo wa kudumu, zinaongeza kipu 0.055 kwa futi, na momenti inapanda hadi 343.7. Uwezo wa W18×46 ni 0.9 × 50 × 90.7 ÷ 12, yaani 340. Imeanguka, na iliyoiangusha ni namba iliyokuwa kwenye jina lake tangu mwanzo.

W16×50 ina Zx ya 92.0 na uwezo wa 345. Ukiongeza uzito wake momenti inafika 344.3. Inapita kwa tundu la sindano. W21×44 ina Zx ya 95.4 na uwezo wa 358, na kwa kuwa ni nyepesi zaidi momenti inafika 343.4 tu. Ina nguvu zaidi na ni nyepesi zaidi. Kwa futi 30 unaokoa paundi 180 za chuma kwa kila boriti ukilinganisha na W16×50. Ndiyo maana jedwali la Zx limepangwa kwa makundi, na juu ya kila kundi kuna boriti moja iliyokolezwa wino: hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote zinazofikia uwezo huo. Ukiulizwa boriti ya gharama nafuu kabisa, macho yaende kwenye wino mzito, halafu uulize kama dari linaruhusu kimo cha inchi 20.7.

Yale ambayo jina halisemi

Jina halitaji daraja la chuma. W18×50 inaweza kuwa A992 ya kipu 50 kwa inchi ya mraba, au, kwenye jengo la zamani, A36 ya kipu 36. Swali likikupa daraja, litumie. Likikupa jina peke yake, tafuta kwenye maelezo ya mwanzo wa swali au wa jedwali. Jihadhari na mkanganyiko mmoja: 50 ya kwenye W18×50 na 50 ya nguvu ya A992 zimegongana kwa bahati tu. Nimewaona watu wenye akili wakiandika mkazo wa kulegea wa 44 kwa sababu boriti ilikuwa W21×44. Uchovu wa saa ya nne unafanya hivyo.

Wala jina halisemi boriti imeshikwa vipi. Uwezo wote tuliokokotoa juu unadai flenji inayobanwa isiweze kuponyoka pembeni. Kwa W18×50, ikiwa sehemu za kuishikia zimeachana zaidi ya futi 5.83, uwezo unaanza kupungua. Kwa W21×44 unaanza mapema zaidi, futi 4.45, kwa sababu flenji zake ni nyembamba, inchi 6.50 tu. Boriti iliyoshinda mashindano ya uzito chini ya sakafu ya zege inaweza kushindwa vibaya ikiachwa uchi. Soma swali mpaka mwisho kabla ya kuukimbilia wino mzito.

Kwa aliyesomea kwa vitabu vya Uingereza

Sisi tuliojifunza miundo Tanzania au Kenya kwa viwango vya Uingereza tunaingia kwenye mtihani huu na faida moja na hatari moja.

Faida ni kwamba tunalijua jina la namba tatu, na hilo lina ukarimu zaidi. 457×152×52 UB inataja kimo cha ukoo, upana wa ukoo, na kilo kwa mita. Upana umo! UB ni za boriti na UC ni za nguzo, kama 203×203×46. Namba hizo zinaonekana za ajabu kwa milimita mpaka ukumbuke inchi: 457 ni inchi 18, 152 ni inchi 6, 203 ni inchi 8. Waingereza waliuhamisha ukoo wa inchi kwenye milimita bila kuuvunja, na ukoo wao nao hautimii: 457×152×52 ina kimo halisi cha milimita 449.8. Nguzo nzito ya 356×406×634 UC ina kimo cha milimita 474.6. Igeuze: 356 ni inchi 14, na kilo 634 kwa mita ni paundi 426 kwa futi. Ni W14×426, ileile, imevaa kanzu nyingine.

Waliosomea mfumo wa Ulaya bara wana majina mafupi zaidi. IPE 300 ina kimo cha milimita 300 kweli, na HEB 300 vilevile. HEA 300 ina 290, na HEM 300 ina 340. Herufi ya mwisho ndiyo inayotaja wepesi au uzito, na kilo hazimo. IPE 300 na HEA 200 zina uzito karibu sawa, kilo 42 kwa mita, lakini IPE ina zaidi ya mara mbili ya ugumu wa kupinda. Kwa jina peke yake hutaliona hilo.

Hatari iko kwenye herufi za safu. Katika mwongozo wa Marekani, S ni moduli ya elastiki, ile ya chuma kinachopinda na kurudi, na Z ni moduli ya plastiki, ile ya mkato wote ukiwa umelegea. Katika kiwango cha Uingereza cha BS 5950, ambacho wengi wetu tulilelewa nacho, ni kinyume: Z ni ya elastiki na S ni ya plastiki. Kanuni za Ulaya huziita zote W, na mhimili mkuu huuita y, wakati Mmarekani huuita x. Mkono uliozoea kutafuta S utaifuata S bila kuuliza. Kwa W18×50 safu ya S inasema 88.9 na ya Z inasema 101. Ukichukua 88.9 ukaizidisha kwa 0.9 na 50, unapata kipu-futi 333 mahali pa 379, na usishangae kuikuta 333 ikikusubiri katikati ya majibu ya kuchagua.

Kinga yake ni ya sekunde mbili. Weka safu hizo mbili kando kwa kando na utazame ipi ni kubwa. Kwa boriti za W tofauti huwa asilimia 10 hadi 20 hivi, na iliyo kubwa ni ya plastiki, jedwali liwe la Chicago au la London.